Ukoo Unasikitika

Kuna maneno mawili ambayo tangu usichana wangu sijawahi kuyasikia bila damu kunichemka: "Ukoo umeamua." Huku kwetu mlimani husemwa kwa sauti ya chini, kama majibu ya vipimo, na yakishasemwa watu huinuka, hukung'uta nguo na kwenda kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Hakuna wa kumuuliza swali. Ukitaka kujua ni nani hasa aliyeamua utaonyeshwa watu wema, wapole, waliokubeba mgongoni ukiwa mdogo, na kila mmoja atakuambia kwamba yeye binafsi alikuwa na mawazo mengine.

Baba zangu wadogo nawajua mmoja mmoja. Namjua anayependa mtori mzito na namjua anayeanza kula kabla ya sala. Ukoo wenyewe sijawahi kukutana nao. Sijauona ukipiga mwayo wala ukikosa usingizi. Hata hivyo tunaambiwa kwamba unaudhika, unaona aibu, una msimamo, na usipoheshimiwa unakumbuka. Nina cherehani yangu pale Njoro, mjini, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, kazi ambayo mikono ikishaizoea kichwa hubaki huru. Mara nyingi nimejiuliza hapo kama kitu hicho kinachoitwa ukoo kipo kweli, kina akili yake na dhamiri yake, au ni pazia tu la watu kujifichia. Kwa miaka mingi nilisema ni pazia, na nilisema kwa hasira.

Hasira yenyewe ilitokana na shangazi yangu, dada yake baba. Aliolewa katika ukoo mwingine, ndoa ikavunjika kwa sababu ambazo hakuwahi kunieleza zote, akarudi nyumbani na mtoto wa kiume mgongoni. Bibi aliwapokea. Wakaishi kihambani, yaani kwenye shamba letu la migomba na kahawa, ndimo tunamozaliwa na ndimo tunamozikwa. Miaka michache baadaye mtoto akapata homa, akafariki kabla ya kufikia umri wa kuanza shule.

Ukoo ukakaa. Kwa desturi yetu mtoto ni wa upande wa baba na huzikwa kwa baba yake, lakini upande ule walipopelekewa taarifa hawakuja. Ndani ya nyumba kukawa na maiti ya mtoto, na uani kukawa na swali moja: azikwe hapa au asizikwe? Kilichowatia hofu kilikuwa ardhi. Ukimzika mtu wa ukoo mwingine kwenye kihamba chako, kesho watu wake wanaweza kuja wakasema kwamba pale pana damu yao, na kaburi huwezi kulihamisha kama jiwe la mpaka. Wazee walizungumza tangu asubuhi hadi ng'ombe wakaanza kudai majani ya jioni. Ukoo ukaamua. Mtoto akateremshwa mjini akazikwa makaburi ya manispaa, mahali ambapo kwa Mchagga ni pa mtu asiye na kwao. Shangazi alishuka naye na hakupanda tena. Alipanga chumba Pasua, mtaa wa huko huko mjini, akauza mitumba sokoni, akazeekea humo humo.

Mimi nilizaliwa baadaye. Nilimfahamu shangazi kwa sababu baba alikuwa akinituma kwake na mkungu wa ndizi au kopo la maziwa, yeye mwenyewe asishuke kwenye gari mpaka nimekwisha kupokelewa ule mzigo. Nilipokuwa mtu mzima na baba akawa mgonjwa, hana tena haja ya kujitetea mbele ya yeyote, nilimuuliza mara moja tu kama alitaka iwe vile.

"Sikutaka," alisema. "Nilikuwa nasubiri mtu mmoja aseme mtoto azikwe hapa, nimuunge mkono."

"Sasa aliyetaka ni nani?"

Alifikiri sana. "Kwa kweli, mwanangu, sikumwona."

Nikaenda kwa baba mkubwa, kaka wa baba, ambaye siku hizi ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwa kwenye kikao kile. Nilimkuta akiota jua mbele ya banda la ng'ombe. Naye akanipa jibu lile lile: alikuwa akisubiri mtu aseme. Nilirudi Njoro kichwa kinaniuma. Kumbe uani pale walikaa watu ambao pengine kila mmoja alitaka mtoto azikwe nyumbani, na wote kwa pamoja wakamkataa. Ningewaita waongo ningepumzika. Lakini baba hakuwa mwongo. Nikabaki na swali ambalo sikulipenda hata kidogo: kama hakuna hata mmoja wao aliyetaka, kilichotaka ni nini? Pazia haliwezi kutaka kitu.

Mwaka juzi moyo wa shangazi ukaanza kushindwa. Miguu ikavimba, akawa analala ameketi, na madaktari wakaturudisha nyumbani na dawa pamoja na maneno ya upole. Habari zilipopanda mlimani ukoo ukaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe haukuwa wa dawa. Binti yao akifa atazikwa wapi? Alishasema wazi kwamba kihambani haendi. Kwa watu wetu, ambao husafirisha maiti kutoka mikoa ya mbali kabisa ili tu ilale kwenye migomba ya babu, kumwacha binti wa nyumbani kwenye makaburi ya mjini ni fedheha ambayo majirani wangeisimulia mpaka kwa wajukuu.

Basi siku moja, kwenye kundi la ukoo la simu, kati ya picha za sadaka na tangazo la maziwa, likatokea tangazo: "Ukoo unasikitika kwa yote yaliyotokea zamani na unamwomba mama yetu mpendwa radhi." Ikafuata mikono ya kuomba, mistari kwa mistari. Nilifunga cherehani nikaenda Pasua kumsomea.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. "Nani ameandika?"

"Katibu wa ukoo, shangazi."

"Katibu si yule kijana wa bodaboda? Yule ana kosa gani kwangu, maskini?"

"Ameandika kwa niaba ya ukoo."

"Mwambie nimemsamehe, ingawa hajanikosea," akasema, akarudisha kichwa kwenye mto. Baada ya muda akaongeza: "Mimi sikufukuzwa na mtu mwenye jina, mwanangu. Nilifukuzwa na ukoo. Ukoo ulikaa kunikataa, basi ukae kuniomba. Uje na isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Kwetu, mtu aliyekukosea hulifunga jani lake fundo na kukuletea, na aliyelelewa vizuri hawezi kulikataa. Ndiyo maana halitolewi ovyo. Anayelileta amekiri. Hapo ndipo ukoo wetu, wenye walimu na wahasibu na padri mmoja, ulipokwama kabisa: alikate nani? Mwenyekiti wa ukoo, ambaye ni baba yangu mdogo na mwalimu mstaafu, alisema yeye wakati ule alikuwa shule ya bweni. Wengine hawakuwa wamezaliwa. Waliokaa kikao wamelala kihambani, isipokuwa baba mkubwa, na yeye alisema hawezi kubeba peke yake jambo ambalo peke yake asingelifanya. Nilitamani kumkasirikia, lakini alisema kweli.

Mwishowe wakafanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Wakasema mambo ya mgonjwa ni ya akina mama, wakawakusanya wake wa ukoo, wakawapa jani la isale, mbuzi na kibuyu cha mbege, wakawateremsha Pasua. Walikuja wamevaa sare ya kitenge niliyoishona mwenyewe, na waliimba vizuri sana. Shangazi aliwakaribisha, akaagiza chai na maandazi, akauliza habari za watoto wa kila mmoja. Jani likakaa kwenye sinia bila kuguswa. Walipoaga alilifunga kwenye kitambaa safi akamkabidhi mkubwa wao.

"Hili lirudisheni," aliwaambia. "Ninyi wote mmeolewa pale. Mmekuja kutoka koo nyingine, kama mwanangu alivyoambiwa kwamba ametoka ukoo mwingine. Sasa wenyeji wamekosea halafu wanawatuma wageni kuomba radhi?"

Mke wa mwenyekiti alicheka kwanza, kisha akalia, na nadhani alilia kwa ajili yake mwenyewe pia. Nami nilimwona shangazi, baada ya wageni kuondoka, amegeukia ukutani. Alikuwa amengoja kweli. Kwa ukaidi wake wote, mama huyu alitaka watu wake, na siku zilikuwa zinamwishia. Niliumia kuliko nilivyotarajia.

Desemba ilipofika watu wakarudi, kama kila mwaka, na barabara ya kupanda mlimani ikajaa magari yenye namba za kila pembe ya nchi. Siku ya pili ya Krismasi ukoo ulikaa kwa mwenyekiti. Mabinti huruhusiwa kusikiliza, na tunapewa viti vya nyuma karibu na jiko ili tusaidie kupakua. Walipofika kwenye ajenda ya mgonjwa, mwenyekiti akasema ukoo umefanya kila linalowezekana na sasa unamwachia Mungu. Nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi.

"Baba mdogo, shikamoo," nikaanza, kwa sababu hata ukiwa na hasira huanzi bila salamu. "Mimi naomba kitu kimoja. Kama ukoo si mtu, tuache kusema umeamua. Na kama ni mtu, ushuke Pasua."

"Binti yetu, ukoo hautembei," alisema kwa upole wa kimwalimu.

"Siku ile ulikuwa na mdomo," nikasema. "Ukikosa miguu, sisi tuna magari."

Nilitegemea kuambiwa nikae. Nilichokiona ni vichwa vikigeukiana, kila mtu akimtazama mwenzake kama kuna atakayepinga, na nikatambua kwa mshtuko kwamba ndivyo lazima ilivyokuwa siku ya mtoto: kila mmoja anamsubiri mwingine. Safari hii hapakuwa na wa kupinga. Baba mkubwa ndiye aliyeinuka, taratibu, akaomba kisu, akaenda mwenyewe mpakani. Alipoinama kukata, mwenyekiti alimshika mkono ulioshika kisu, na mwingine akamshika mwenyekiti bega, na nyuma yao wakasimama waliobaki. Jani moja likakatwa na kundi zima, kwa vurugu kidogo, na likachanika upande.

Tulishuka mchana ule ule. Chumba cha shangazi hakingetosha hata robo yetu, kwa hiyo majirani wa Pasua wakatuazima viti, na wengi wakasimama uani kati ya kamba za nguo. Nilimtoa shangazi nje nikamketisha kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, khanga mbili mabegani. Aliwatazama mmoja mmoja. Wengine alikuwa hajawaona tangu wakiwa na nywele nyeusi.

Mwenyekiti alizungumza vizuri, Kichagga kwanza, halafu Kiswahili kwa ajili ya vijana wa mjini. Akasema ukoo umekosa, ukoo unasikitika, ukoo umekuja wenyewe. Akamnyooshea jani.

Shangazi hakulipokea. "Nimesikia," alisema. "Ninyi ndio ukoo?"

"Ndiyo, dada."

"Basi niambieni jina la mwanangu."

Mwenyekiti aligeuka akawatazama waliokuwa nyuma yake. Mimi mwenyewe nilipekua kichwa changu sikukuta kitu, maana nyumbani kwetu alitajwa kama "marehemu mtoto", na shangazi kila mara alisema "mwanangu" basi. Nilijisemea imekwisha. Ukoo unaodai kusikitika haujui hata unamsikitikia nani. Nilitaka kufurahi kwamba nilikuwa sahihi, na sikufurahi.

Kisha mama mmoja mzee, binamu wa baba, akasema kama anajisemea: "Alikuwa anaogopa ng'ombe."

"Ndiyo," akasema mwingine. "Yule mweupe mwenye pembe iliyovunjika. Alikuwa anapitia nyuma ya jiko ili asikutane naye."

"Alitumia mkono wa kushoto. Bibi alimkemea, akachoka."

"Jina lake la Kichagga alipewa na bibi. Lilikuwa la yule babu aliyesimamia mfongo, mfereji wa maji ya shamba." Huyu aliyesema alikuwa mdogo kwangu, alisikia kwa mama yake. Mwingine akakataa, akasema si babu wa mfongo, ni kaka yake aliyekufa kijana, na akataja jina. Mwanamume mmoja akarekebisha mwisho wa jina. Mama yule mzee akafumba macho akasema mtoto alibatizwa siku moja na mdogo wake yeye mama, na padri alimpa jina la mtakatifu wa siku ile, na ilikuwa mwezi wa Juni, mvua zimekwisha. Padri wetu akiwa amesimama karibu na kamba ya nguo akataja majina ya watakatifu wa mwezi huo, moja moja, polepole. Alipofika kwenye moja, baba mkubwa akanyanyua kichwa. Alilisema jina lote, la ubatizo na la Kichagga, na watu wakalirudia kwa sauti ya chini, hata wale waliozaliwa baada yake, na kila mtu akajua kwamba ndilo.

Nimefikiria sana dakika zile. Hapakuwa na mtu hata mmoja uani pale aliyekuwa na jina lile zima. Na bado lilikuwepo, limehifadhiwa kwao wote, kila mmoja na kipande chake ambacho hakujua kuwa ni kipande. Sina elimu ya kusema kitu hicho kinaitwaje. Najua tu kwamba nilishuhudia ukoo ukikumbuka, na sikuwa nikiona pazia.

Nikamgeukia shangazi nikitegemea machozi ya furaha. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kumbe mlikuwa mnamjua," alisema.

Hakupaza sauti. "Miaka yote hii nilijiambia hawakumjua. Walimwona mtoto wa watu, wakaogopa. Kumbe mlimjua mpaka mkono wake, mpaka ng'ombe aliyemwogopa. Mlimpa jina la kwenu. Halafu mkasema si wenu."

Baba mkubwa akavua kofia. Wanaume wa kwetu hawalii mbele za watu, lakini nilisikia pumzi zikikatika huku na huku, na kila mtu akitazama viatu vyake. Wapo waliolia ambao hawakuwa hata mimbani siku ile ya kikao. Niliwatazama na nikawaonea huruma, wao na mimi, kwa sababu tulikuwa tumekuja kuomba radhi kwa jambo tulilolichukua kuwa la wengine.

Shangazi akanyoosha mkono. Mwenyekiti akaweka jani lile lililochanika kwenye kiganja chake, naye akalifunika kwa mkono wa pili.

"Aika," akasema, asanteni. "Nimepokea. Nimewasamehe, na simdai mtu. Lakini mtanizika hapa mjini, kwa mwanangu. Amelala na wageni vya kutosha."

"Dada," mwenyekiti alisihi, "tutamhamishia nyumbani, tutafuata vibali. Watu watasemaje?"

"Muacheni alipo. Watu watauliza kwa nini binti wa ukoo amelala makaburi ya manispaa, na ninyi mtawajibu."

"Atawajibu nani?"

"Ukoo," alisema shangazi. "Si mmesema upo?"

Alifariki mvua za masika zilipoanza, mchana, nikiwa namlisha uji. Ukoo ukateremka tena, mkubwa kuliko Desemba, na tukamzika kwenye tope kando ya kaburi dogo. Baada ya padri kumaliza, mama mmoja wa Pasua, jirani yake sokoni kwa miaka mingi, alimsogelea binti aliyekuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa mjukuu wa baba mkubwa, msichana wa chuo, viatu vyake vyeupe vimeharibika kwa udongo.

"Samahani, mwanangu," mama akamuuliza. "Ninyi Wachagga si hupeleka watu wenu mlimani? Mbona huyu mmemzika huku?"

Niliona babu yake akisikia. Niliona wengine pia wamegeuka, wakingoja mtu mwingine ajibu, na mimi nikiwa mmoja wao.

"Alikuwa na mtoto," msichana akasema. "Mtoto alipofariki, tulimkatalia kaburi nyumbani."

Mama akamtazama, mdogo vile. "Wewe ulikuwepo?"

"Hapana," alisema. "Lakini ni sisi."